Maswali ya Wasomaji: Nimeanzia hadithi ya nyuma, sasa nisome kipi?

Ba yaya wa gazeti, jambo sana. Rafiki alinipa fotokopi isiyo na jalada: polisi kijana wa Malmö, Uswidi, mwaka 1969, jirani yake anakutwa amekufa kwa risasi. Polisi huyo anaitwa Kurt Wallander. Niliimaliza usiku mmoja. Naambiwa vitabu vyake ni vingi. Nianze na kipi? Au nimeshajiharibia utamu?
*Msomaji wa Katuba, Lubumbashi*

Jambo ndugu. Hiyo ni ya kwanza kati ya hadithi tano zilizomo katika *La Faille souterraine* cha mwandishi Henning Mankell. Kwa Kiswidi kitabu hicho kilitoka 1999, riwaya nane za Wallander zikiwa zimeshatoka. Wasomaji walikuwa wakimwandikia Mankell kumwuliza mtu huyu alikuwa nani kabla ya hapo. Umeingilia mlango wa nyuma, basi, lakini hujaharibu kitu. Kisa cha jirani kinajitegemea. Unachojua mapema ni mambo ya nyumbani tu. Yule Mona anayekasirika kila Wallander akichelewa, katika riwaya ya kwanza utakuta walishaoana, na Mona alishamwacha. Baba mzee anayechora mandhari ileile miaka nenda miaka rudi, utamkuta bado anaichora.

Sasa tafuta riwaya hiyo ya kwanza, *Meurtriers sans visage* (1991). Hadithi nne zilizobaki usizikimbilie, ingawa ile ya mwisho inaishia pale riwaya hiyo inapoanzia, Januari 1990. Zimeandikwa kwa mtu anayemjua Wallander tayari, na nusu ya utamu wake ni kuitambua tabia uliyokwisha kuizoea. Soma riwaya tatu au nne kwanza, kisha uzirudie.

Wengi hukwama kwenye tarehe. Kwa Kifaransa vitabu hivi havikutoka kwa mpangilio wa kuandikwa. *Le Guerrier solitaire*, riwaya ya tano, ilitafsiriwa 1999. *Les Chiens de Riga*, ya pili, ikangoja hadi 2003. Ukifuata miaka ya tafsiri, utamkuta Wallander akipanga likizo na mwanamke wa Riga aitwaye Baiba, nawe hujui wamekutanaje wala mume wa Baiba alipatwa na nini. Na hicho cha mume ndicho kiini cha *Les Chiens de Riga*!

Kwa hiyo, kabla ya kumlipa muuza vitabu wa kando ya barabara, fungua ukurasa ulio nyuma ya ule wa jina la kitabu. Tafuta maneno «Titre original», kisha mwaka ulioandikwa karibu na jina la mwandishi. Huo ndio wa kufuata. Mwaka ulio karibu na «traduction française» ni wa tafsiri, na ule wa «dépôt légal», ambao mara nyingi huwa mwishoni kabisa, unahusu toleo la Kifaransa ulilolishika; hiyo miwili usiitumie kupanga.

Mpangilio wa kweli ni huu: baada ya hizo mbili za mwanzo, *La Lionne blanche* (1993), *L'Homme qui souriait* (1994), *Le Guerrier solitaire* (1995), *La Cinquième Femme* (1996), *Les Morts de la Saint-Jean* (1997), *La Muraille invisible* (1998). *La Lionne blanche* inatupeleka hadi Afrika Kusini, na Mankell hakuliandika bara hili kwa kusikia: aliishi miaka mingi kati ya Uswidi na Maputo, akiongoza jumba la tamthilia. *L'Homme inquiet* (2009) inafunga hadithi ya Wallander moja kwa moja, usiiguse kabla ya zamu yake. Jihadhari pia na *Une main encombrante*. Ni chembamba, mtu hukiona chepesi cha kuanzia, kumbe matukio yake ni ya 2002, Wallander akiwa mzee.

Nilipakua bure hadithi fupi ya mpelelezi kwenye simu. Imekatika ghafla, simu inaonyesha asilimia 60 tu. Faili imeharibika?
*Msomaji wa Kampemba*

Huenda ni nzima. Wachapishaji hutoa hadithi fupi bure kama chambo, na nyuma yake hubandika sura za mwanzo za riwaya inayouzwa. Fungua orodha ya sura: ukiona jina la kitabu kingine baada ya hadithi, hadithi yako ilikwisha hapo. Usipoona, ipakue upya, na ukipewa kuchagua chukua EPUB. Maandishi yake yanajipanga kwa upana wa kioo cha simu. PDF itakulazimisha kuvuta kurasa kushoto na kulia kila mstari.

Na Maigret, yule mpelelezi wa mwandishi Simenon, naye aanzwe na *La Première Enquête de Maigret*?
*Msomaji wa Kamalondo*

Ukitaka. Hicho kilitoka 1949 kikisimulia mambo ya 1913, Maigret akiwa karani mdogo wa kituo cha polisi Paris, lakini cha kwanza katika mfululizo ni *Pietr-le-Letton* (1931). Riwaya ni 75, na karibu kila moja inasimama yenyewe, hivyo nunua yoyote utakayoipata. Usishangae tu ukimkuta amestaafu katika ile ya 1934 iitwayo *Maigret*, kisha katika ya miaka ya baadaye yuko ofisini na kiko chake mdomoni. Simenon alimstaafisha mapema, halafu akamrudisha kazini.