Kabla hujasaini: maswali ya Kigoma kuhusu utafiti wa vinasaba

Kasulu: Watafiti wanaomba damu zahanati kwetu. Fomu inasema itatumika pia “kwa tafiti za baadaye”. Kuna ubaya?

Soma hapo mara mbili. Damu yenyewe ni mililita 5 hadi 10, haikupunguzii kitu. Lakini DNA, yaani kemikali inayobeba vinasaba, ikihifadhiwa kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri hudumu miaka mingi, na maneno hayo ndiyo yanayoamua nani ataitumia tena. Wahavasupai, kabila la wenyeji asilia wa Arizona, Marekani, walianza kutoa damu mwaka 1990 wakijua ni ya utafiti wa kisukari. Baadaye ikachunguzwa kwa skizofrenia (ugonjwa wa akili) na asili ya kabila lao. Walikwenda mahakamani, na mwaka 2010 chuo kikuu kilichochukua damu hiyo kikawalipa dola 700,000 na kuwarudishia sampuli. Uliza: matumizi mapya yataidhinishwa na nani? Naweza kukubali utafiti huu na kukataa ujao? Fomu ikiyafunga yote pamoja, una haki ya kukataa yote, na matibabu yako hayaguswi.

Mwenyekiti wa kijiji, Uvinza: Nimeshawaruhusu kwa niaba ya wananchi. Haitoshi?

Haitoshi, Mwenyekiti. Umewaruhusu kuingia kijijini. Ridhaa ya damu anaitoa kila mtu mwenyewe. Asiyejua kusoma asomewe kwa Kiswahili au Kiha, mbele ya shahidi asiye wa timu yao, ndipo aweke dole gumba. Nawe dai nakala ya kibali cha maadili cha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) na ya kibali cha utafiti cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia). Tazama jina la utafiti na tarehe ya mwisho, maana kibali kilichokwisha muda hupita kirahisi machoni pa watu.

Ujiji: Kwa nini damu ipelekwe nje?

Mashine na kemikali za kusoma jenomu (vinasaba vyote vya mtu) ni ghali, fedha nyingi hutoka nje, na mwenye fedha huvuta maamuzi kwake. Mradi wa H3Africa wa utafiti wa vinasaba Afrika, ulioanzishwa mwaka 2010 kwa fedha za Marekani na Uingereza, ulijenga hazina za sampuli Afrika kwenyewe, na huo ndio mwelekeo tunaoutaka. Sampuli ikivuka mpaka lazima kuwe na mkataba unaotaja kiasi, matumizi, siku ya kuteketezwa na nafasi ya wanasayansi wa Kitanzania. Mikataba mingi hubana kichupa cha damu ikasahau data iliyosomwa humo, nayo data husafiri kwa intaneti.

Kibondo: Naweza kujitoa?

Ndiyo, wakati wowote, bila kueleza sababu. Sampuli iliyobaki huteketezwa. Data iliyokwisha kuchambuliwa au kupelekwa kwa wengine hairudi. Tunza nakala ya fomu yenye namba yako ya ushiriki, kwa sababu maabara huitafuta sampuli kwa namba hiyo.