4294967297 si namba tasa, na kalkuleta ya simu inatosha kuthibitisha

Mkuu wa Tukuyu, umeuliza kama 4294967297 ni tasa, maana kijana wako ameigawa kwa 3, 7, 11 na 13 ikagoma. Si tasa. Ni 641 × 6700417. Nafundisha twisheni ya hesabu hapa Mwanjelwa, Mbeya, na hii ndiyo namba ninayopenda kuwapa wanafunzi kuliko zote, kwa hiyo nitaeleza kwa kirefu.

Kijana akiendelea hivyo atachoka. Kipeuo cha pili cha namba hiyo ni 65536 na ushee kidogo sana, na kigawo kidogo lazima kiwe chini ya hapo, ambako kuna namba tasa 6542 za kujaribu. Kabla ya kugawa, uliza kwanza namba imetoka wapi. Hii ni 2³² + 1. Mfaransa Pierre de Fermat, karne ya 17, aliamini kwamba 3, 5, 17, 257, 65537 na hii inayozifuata zote ni tasa (ni 2¹ + 1, 2² + 1, 2⁴ + 1 na kuendelea, kipeo kikizidishwa kwa 2 kila mara). Tano za mwanzo ni tasa kweli. Ya sita ilivunjwa na Leonhard Euler mwaka 1732.

Euler alionyesha kwamba kigawo tasa chochote cha namba hii, ukikitoa 1, lazima kigawanyike kwa 64. Hapo kazi inakuwa nyepesi ajabu: namba tasa za aina hiyo ni 193, 257, 449, 577, kisha 641. Ya tano tu, umefika! Wanafunzi wangu wakiona kalkuleta imetoa jibu lisilo na desimali, darasa zima linapiga kelele.

Ila mimi napenda zaidi njia isiyohitaji kugawa kabisa. 641 ni 640 + 1, na 640 ni 5 × 2⁷. Kwa hiyo ukihesabu mabaki ya kugawa kwa 641, 5 × 2⁷ ni sawa na −1 (640 imepungukiwa 1 tu kufika 641). Ipandishe kwa kipeo cha nne: 5⁴ × 2²⁸ ni sawa na 1. Sasa angalia, 641 ni vilevile 625 + 16, yaani 5⁴ + 2⁴, kwa hiyo 5⁴ ni sawa na −2⁴. Ukiiweka mahali pake unapata −2³² sawa na 1. Maana yake 2³² + 1 inagawanyika kwa 641 bila baki. Mistari minne, basi. Sijaona uthibitisho mzuri kuliko huu kwa mtoto wa sekondari.

Baada ya 65537 haijapatikana nyingine iliyo tasa katika mfululizo huo wa Fermat mpaka leo.

Kuhusu 6700417, yenyewe ni tasa, na kijana anaweza kuhakikisha kwa kanuni ileile ya 64. Kipeuo chake hakifiki 2589, kwa hiyo zimebaki saba za kujaribu: 641, 769, 1153, 1217, 1409, 1601 na 2113. Mwachie azifanye mwenyewe, na akikwama aandike hapahapa nitamjibu.