Mlangilangi wa Uani Ukatwe Ncha Mapema

Mlangilangi wangu wa kwanza niliuacha urefuke upendavyo, na miaka michache baadaye maua yote yalikuwa juu ya paa: usiku harufu inajaa ua mzima, asubuhi hakuna mkono unaoyafikia. Kwa hiyo namsihi kila anayetaka kuupanda aanze kufikiria panga siku ileile anayochimba shimo.

Asili ya mti huu ni misitu ya Asia ya Kusini-Mashariki, zikiwemo Indonesia na Ufilipino, na jina letu la langilangi linatokana na ilang-ilang la Kitagalogi. Wataalamu wa mimea huuita Cananga odorata, na ni wa ukoo mmoja na mstafeli, mtopetope na hata mkilua wetu wa pwani. Huwa kijani mwaka mzima. Usipokatwa hupita mita 10 kwa urahisi, na kwa kuwa mbao zake ni laini, matawi ya juu huvunjika upepo unapovuma.

Visiwani Komoro, ambako maua hukenekwa kwa mvuke ili kupata mafuta yanayotiwa katika manukato, wakulima huukata mti ncha ukiwa bado mfupi na kuyainamisha matawi yake. Mti wangu wa pili niliufanyia hivyo: ulipofika mita 2 niliukata, nikayavuta matawi taratibu kwa kamba za usumba na kuyafunga kwenye vigingi, na leo nachuma nikiwa nimesimama chini. Mche nao usikae sana kwenye kiriba, maana mzizi mkuu hushuka moja kwa moja na ukijikunja humo mti hudumaa.

Ua lina petali sita ndefu, nyembamba, zilizolegea. Likiwa kijani halina harufu ya maana, na wengi huharibu mavuno kwa pupa hapo. Lisubiri liive manjano, ulifunue, na ukiona doa jekundu kwenye kitako chake cha ndani, ndilo hilo. Lichume alfajiri, kabla jua halijapanda, ukilishika kikonyo tu, kwa sababu petali zikifinywa huwa nyeusi, kisha uyatandaze maua kwenye ungo bila kuyarundika hadi wakati wa kufunga vikuba, yaani vifungu vidogo vya maua yanukiayo vya kujipambia.