Bima ya mkandarasi kabla ya kugusa ukuta Lamu

Kaka, umeuliza utapata wapi mtandaoni bima ya dhima kwa umma, yaani ya kumlipa mtu wa nje akiumia au mali yake ikiharibika kwa kazi yako, maana mwenye nyumba huko Mkomani anaitaka kabla hujaanza kazi. Ana haki. Mitaa ya Lamu ni myembamba na nyumba zimebanana. Jiwe likimwangukia mpita njia, au ukuta wa jirani ukipasuka, fidia ni juu yako.

Anzia tovuti ya Mamlaka ya Kusimamia Bima, IRA, uangalie orodha ya kampuni na mawakala wenye leseni. Asiyekuwemo achana naye, hata bei yake iwe nafuu vipi. Kisha omba bei kwa kampuni tatu hivi, na uwaeleze kazi yenyewe: kubomoa, kuchimba msingi, kazi za juu. Ukificha, huenda wakakataa kulipa siku ya ajali. Soma hasa yale wasiyoyalipia, na kiasi utakachobeba mwenyewe katika kila dai.

Na vijana wako wa kazi je? Bima hii ya dhima kwa kawaida haiwahusu. Wao wanahitaji bima ya WIBA, yaani ile inayotokana na sheria ya 2007 ya fidia ya wafanyakazi wanaoumia kazini. Tafadhali usiwasahau.

Pesa zilipe kwa akaunti ya kampuni, si simu ya mtu. Kabla hujalipa, bima haijaanza.