Maswali ya wasomaji: Kontena la makochi kutoka Foshan hadi Mwanza

Barua tulizopokea kuhusu kuagiza samani kwa jumla kutoka nje ni nyingi kuliko nafasi ya safu hii. Tumechagua tatu, na ya kwanza tumeipa nafasi kubwa kwa kuwa kosa lililomo humo tumekutana nalo katika karibu kila barua nyingine.

SWALI: Ndugu Mshauri, ninauza samani Mwanza, na kwa miaka sita nimekuwa nikinunua kwa wauzaji wa jumla wa Dar es Salaam. Sasa nimeamua kuagiza mwenyewe kontena moja la makochi kutoka Foshan, China. Kiwanda kimenitumia ankara kifani (proforma) ya dola 180 kwa kochi la watu watatu, na rafiki yangu ananiambia kwamba nikiongeza ushuru wa asilimia 35 nitakuwa nimemaliza, yaani dola 243. Je, hesabu hiyo ni sahihi? — Mama mfanyabiashara, Mwanza

JIBU: Dada yetu, rafiki yako amekutajia kiwango cha kweli, lakini hesabu ameiachia njiani. Ni kweli kwamba tangu Julai 2022 Ushuru wa Pamoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki una daraja la nne la asilimia 35, na samani zimo katika daraja hilo kwa nia ya kuwalinda mafundi na viwanda vya ukanda wetu. Hata hivyo, asilimia hiyo haitozwi kwenye bei ya kiwandani. Hutozwa kwenye thamani inayojumlisha bei, bima na nauli ya meli hadi bandari ya kuingilia, na juu yake huja kodi nyingine, kila moja ikipanda mgongoni mwa iliyotangulia.

Tuchukue mfano. Kontena refu la futi 40, lile lenye kimo cha ziada, lina ujazo wa takriban mita za ujazo 76, lakini kwa samani ni busara kuhesabu kama 68, kwa sababu makochi hayapangiki kama matofali. Tuseme nauli ni dola 3,400, na kochi lako lililokwisha kuunganishwa linachukua mita 1.7 za ujazo. Yataingia makochi 40, na kila moja litabeba nauli ya dola 85. Ukiweka dola 3 za bima, thamani ya forodha inakuwa dola 268. Ushuru wa forodha wa asilimia 35 unaifikisha dola 361.80. Tanzania hutoza pia ushuru wa bidhaa kwa samani zinazotoka nje. Nikiweka asilimia 20 kwa ajili ya mfano huu, tunafika dola 434.16, na Kodi ya Ongezeko la Thamani (VAT) ya asilimia 18 inatupeleka dola 512.31. Bado hujalipa ada ya forodha, tozo ya maendeleo ya reli, gharama za bandari, wakala, wala lori la zaidi ya kilomita 1,100 hadi Mwanza.

Naomba usikate tamaa kwa tarakimu hiyo, bali uitazame vizuri, kwa sababu ndani yake kuna mahali ambapo mwagizaji makini hupata faida yake. Nauli ile ya dola 85 nayo imetozwa ushuru, ushuru wa bidhaa na VAT, hivyo imekugharimu zaidi ya dola 162. Kwa lugha nyingine, hewa iliyokaa chini ya makochi yako umeilipia kodi. Sasa mwambie mtengenezaji atoe miguu, na egemeo lifungwe kwa skrubu ili lilale juu ya kiti wakati wa safari, kochi lichukue mita 1.2 badala ya 1.7. Kontena lile lile litabeba makochi 56, nauli ya kila moja itashuka hadi karibu dola 61, na gharama ya mwisho kwa kochi itapungua kwa takriban dola 46. Ukibishana na kiwanda kwa juma zima huenda ukapunguziwa dola 5 kwenye bei. Ukibishana juu ya ufungashaji unaweza kupata mara kadhaa ya hizo. Kwa hiyo, usikubali ankara kifani isiyoonyesha ujazo wa kila kifurushi, yaani CBM yake, na uzito wake.

Jihadhari na ushauri mmoja unaotolewa mara kwa mara, kwamba samani zikija vipande vipande zitangazwe kwenye forodha kuwa ni vipuri. Kanuni za kimataifa za uainishaji wa bidhaa zinasema wazi kwamba kitu kilicholetwa bila kuunganishwa huainishwa kana kwamba kimeunganishwa. Makochi yako yatakuwa chini ya kichwa 9401, ambacho ni cha viti katika orodha ya ushuru, hata yakija yamefumuliwa. Vivyo hivyo kuhusu ankara ya pili yenye bei ya chini, ambayo baadhi ya wauzaji hujitolea kuiandika bila hata kuombwa: sheria ya forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 inampa afisa mamlaka ya kuikataa bei asiyoiamini na kutumia thamani ya bidhaa zinazofanana, na hati ya uongo ni kosa la jinai. Nimewaona wafanyabiashara waaminifu kwa kila jambo lingine wakipoteza mtaji wote kwa karatasi moja ya namna hiyo, na iliniuma sana.

Kabla ya kulipa malipo ya awali, ambayo viwanda vingi hudai yawe asilimia 30, hakikisha muuzaji anaelewa na kukubali kwa maandishi ukaguzi wa ubora kabla ya usafirishaji. Shirika la Viwango Tanzania lilianzisha utaratibu huo mwaka 2012, na hufanywa katika nchi ya muuzaji na kampuni lilizoziteua. Cheti cha ulinganifu, kinachothibitisha kwamba bidhaa zimekidhi viwango, lazima kitoke kabla meli haijaondoka, kwani mzigo ukifika bila cheti utakumbana na ukaguzi wa hapa, adhabu na siku nyingi za kusubiri. Asilimia 70 iliyobaki usiilipe hadi uwe na taarifa ya ukaguzi, picha za upakiaji na namba ya lakiri ya kontena. Na ikiwa barua pepe itakuja ghafla kukuarifu kwamba akaunti ya benki imebadilika, piga simu kwa namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo, si ile iliyoandikwa ndani ya barua hiyo.

Kuhusu masharti ya bei, mimi ningechagua FOB, ambapo bei ya muuzaji inaishia mzigo ukipakiwa melini, badala ya CIF, ambapo bei hujumlisha pia bima na nauli. Muuzaji anayekuuzia kwa CIF anawajibika kukukatia bima ya kiwango cha chini kabisa, isiyofidia mzigo ulioloa kwa maji ya mvua wala ulioibwa, na tena Tanzania inataka bima ya mizigo inayoingia nchini ikatwe kwa kampuni iliyosajiliwa hapa. Kwa FOB unachagua mwenyewe bima na meli, na unaweza kujadiliana mapema siku za bure za kontena, yaani siku za kukaa nalo bila kulipia.

Siku hizo ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani. Kontena likishafika, hesabu mbili hukimbia kwa pamoja: bandari au bandari kavu inahesabu siku za hifadhi, na kampuni ya meli inahesabu siku ambazo kontena lake halijarudi. Sheria ya forodha nayo inataka bidhaa ziwe zimetolewa taarifa ndani ya siku 21 tangu meli ilipoanza kupakua, vinginevyo zinaweza kupelekwa katika ghala la forodha. Mpe wakala wako mwenye leseni nakala za ankara, orodha ya mizigo, hati ya shehena, cheti cha asili na cheti cha ulinganifu meli ikiwa bado baharini. Agizo lako pia liwe mbali na mwaka mpya wa Kichina, Januari au Februari, ambapo viwanda hufungwa kwa majuma kadhaa na kazi iliyokimbizwa kabla ya likizo hutoka na mishono iliyolegea.

Mwisho kwa upande wako, kama umesajiliwa kwa VAT, ile VAT ya dola 78 ya mfano wetu unaweza kuidai kama kodi ya manunuzi. Kama hujasajiliwa, itakuwa sehemu ya gharama yako, na unapopanga bei utashindana na mtu ambaye kwake si gharama. Viwango vyote nilivyotaja hupitiwa kila mwaka katika bajeti ya Juni, na nchi wanachama huweza kuruhusiwa kutumia viwango tofauti kwa mwaka mmoja, kwa hiyo mwombe wakala akupigie hesabu kwa maandishi kabla hujatuma senti.

SWALI: Ninajenga hoteli ndogo Dodoma na nimepewa bei nzuri ya vitanda na makabati ya mtiki kutoka Jepara, Indonesia. Nimeonywa kwamba mbao za kutoka huko hupasuka zikifika kwetu. Ni kweli? — Msomaji, Dodoma

JIBU: Ndugu msomaji, mbao hupasuka pale zinapokaushwa nusu katika hewa yenye unyevu kisha kuhamia mahali pakavu, na Dodoma ni pakavu hasa. Dai kwenye mkataba kwamba unyevu wa mbao uwe kati ya asilimia 8 na 12, upimwe kwa kipima unyevu mbele ya mkaguzi wako kabla ya kupakwa vanishi, na mifuko ya kufyonza unyevu itundikwe ndani ya kontena. Kreti na mbao za kuzuilia mzigo ziwe na muhuri wa ISPM 15, kanuni ya kimataifa ya mbao za kufungashia, unaothibitisha kwamba zimepashwa joto la nyuzi 56 hadi kiini kwa angalau dakika 30 ili kuua wadudu. Indonesia pia ina mfumo wake wa uhalali wa mazao ya misitu uitwao SVLK; omba hati yake.

Lakini niruhusu nikuulize swali moja. Mtiki unakua Longuza huko Muheza na Mtibwa huko Morogoro, na sehemu ya mtiki wetu huuzwa India. Je, umewahi kuomba bei kwa karakana ya hapa nyumbani yenye tanuri la kukaushia? Iombe, kisha uilinganishe na bei ya Jepara ikiwa imekwisha kubeba kodi zote zilizoelezwa hapo juu.

SWALI: Mimi ni mfanyabiashara wa Lubumbashi na ninapitishia samani zangu Dar es Salaam. Mara ya mwisho nililipa pesa nyingi za kontena hata baada ya mzigo kunifikia. Nilikosea wapi? — Baba mfanyabiashara, Lubumbashi

JIBU: Baba, mzigo wako haulipi ushuru wa Tanzania mradi hati ya shehena imeandikwa tangu mwanzo kwamba unapita kwenda Kongo na wakala ameweka dhamana ya forodha. Hakikisha pia hati ya FERI, ile ya kielektroniki ya taarifa za mzigo unaoingia Kongo, imepatikana kabla mzigo haujafika. Gharama unayoilalamikia inatokana na kontena tupu. Kampuni ya meli huendelea kuhesabu siku hadi kontena lirudi kwenye yadi yake, na safari ya kupitia Tunduma na Kasumbalesa, pamoja na foleni za mipakani, hula majuma mengi kwa kwenda na kurudi. Una njia tatu: ujadiliane siku nyingi zaidi za bure kabla ya kupakia, ununue kontena kuukuu likiwa mali yako, au umwagize wakala auhamishie mzigo kwenye lori la bodi lililofunikwa hapo hapo Dar es Salaam, chini ya usimamizi wa forodha. Kwa makochi na magodoro njia ya tatu inafaa ikiwa ufungashaji ni imara. Kwa makabati ya vioo ningelipia siku za ziada, kwa sababu kila kupakuliwa na kupakiwa upya huvunja kitu.