Nilifuta alama ya bibi: maneno kwa mnaoanza kupiga picha za watu hapa Dodoma

Mimi nilianza na pasipoti saizi. Steshenari ya watu maeneo ya Makole, kitambaa cha bluu kimebanwa ukutani na vibanio vya nguo, stuli moja, taa mbili, na kamera ya bosi ambayo nilikatazwa kugusa kitufe chochote zaidi ya kile cha kufyatulia. Ilikuwa 2015, picha nne elfu mbili, na vyuo vikifungua unaweza kupiga watu thelathini arobaini kwa siku mpaka shingo inakakamaa. Naanza na hili kwa sababu wengi mnaonitumia meseji mnauliza dada nianze na kamera gani, dada stailo yangu nitaipata wapi, afu nikisema nenda kaombe kazi ya pasipoti miezi sita mnanuna, mnaona kama nimewatukana.

Sijawatukana. Pale kwenye stuli ndo nilijifunza sura ya mtu. Mtu akikaa mbele ya kamera anabana pumzi, mabega yanapanda mpaka karibu na masikio, macho yanakodoka, afu ukishapiga ukasema "tayari" anashusha pumzi na hapo hapo sura yake inarudi, lakini we ushapiga tayari, umebaki na ile ya mabega juu. Basi nikaanza kuwadanganya. Nasema "tayari mama, asante", mama anashusha pumzi, ndo nafyatua. Bosi alikuwa anashangaa kwa nini wateja wanauliza yule binti yupo leo. Mpaka leo nautumia ujanja huu, hata kwa waheshimiwa wanaokuja na tai na msaidizi wa kubeba koti.

Sasa mwanga. Dodoma tuna jua la kugawa bure na wengi mnalitumia vibaya. Saa sita mchana, hasa mwezi wa kumi na mwanzoni mwa mwezi wa tatu, jua linapita utosini kabisa, yaani ukimsimamisha mtu nje macho yanakuwa mashimo mawili meusi na pua ina kivuli kama sharubu, na hakuna preseti, ile mipangilio ya rangi iliyotengenezwa tayari, itakayokuokoa. Piga asubuhi kuanzia saa kumi na mbili na nusu mpaka saa mbili na nusu hivi, jioni kuanzia saa kumi na moja. Mteja akisema yeye ana nafasi saa saba tu, mwingize barazani. Asimame hatua moja ndani ya kivuli, uso uangalie nje kwenye kiwanja, ule udongo wetu mweupe mweupe wa kichanga unarudisha mwanga usoni vizuri kuliko rifrekta ya laki na nusu. Ila ukizidi unatokea chini na mtu anaonekana kama anahadithia mashetani, kwa hiyo usimsogeze ukingoni sana. Rifrekta yangu ya kwanza ilikuwa shuka jeupe la hostel, na nilikuwa namlipa mdogo wa jirani soda moja alishike.

Na vumbi. Kuanzia mwezi wa sita upepo ukianza huku, usibadilishe lenzi ukiwa nje hata kama bibi harusi anatembea kuja, ingia kwenye gari au geukia ukuta, kamera itazame chini, badilisha haraka. Mimi niliwahi kupulizia sensa, kile kibamba cha ndani kinachonasa picha, kwa mdomo, naomba msicheke, tone la mate likakauka pale na kwa wiki nzima kila picha yangu yenye anga ilikuwa na doa lilelile upande wa kushoto. Nunua kile kipira cha kupulizia hewa, hakina bei kubwa. Lakini vumbi hilohilo jioni jua likiwa limelala nyuma ya mtu, ng'ombe wamepita au bodaboda imepita, ukipiga kuelekea mwanga unapata kitu ambacho wenzetu wa Dar wanatafuta kwa mashine ya moshi. Pale njia ya Hombolo nimeshasubiri bodaboda ipite mara tatu, ya nne nikamlipa dereva apite tena taratibu.

Hapa nikae kidogo kwenye rangi ya ngozi, maana ndo sehemu watu wanaharibu zaidi. Kamera haijui binadamu. Kipima mwanga chake kinachukulia kwamba kila unachokiona kikichanganywa kinatakiwa kiwe kijivu cha wastani. Ukimweka kijana mweusi amevaa shati jeupe mbele ya ukuta mweupe, kamera inaona weupe umezidi, inapunguza mwanga, sura ya kijana inazama. Mahafali ndo kinyume, joho jeusi limejaa kwenye picha, kamera inaongeza mwanga, uso unachuja na paji linang'aa kama bati. Kwa hiyo weka kipimo cha doa moja, kile kinachoandikwa spot, pima usoni, halafu angalia mwenyewe kwa macho, usiiachie mashine. Na msijione wajinga, hata huko nyuma enzi za filamu, rangi za picha zilikuwa zinapangwa maabara kwa kadi za kampuni ya Kodak zilizoitwa Shirley, picha ya dada wa Kizungu, ngozi yake ndo ilikuwa kipimo cha rangi, sisi wengine tujitegemee. Ukijua hivyo unaacha kuona ngozi nyeusi kama tatizo la kurekebisha kwenye laptopu.

Na mimi niliiona hivyo kwa miaka mitatu, sema ukweli. Nilikuwa naangaza kila mtu, nalainisha kila mtu, mtu wa miaka hamsini anatoka kama yai lililomenywa. Wateja wanafurahi, wanaweka profaili, mimi najiona fundi.

Mpaka nikaletewa bibi mmoja kutoka Mvumi. Mwanae anafanya kazi serikalini, kahamia huku na wizara, akataka mama yake apigwe picha kubwa nzuri ya kutundika sebuleni. Bibi kakaa vizuri, kavaa shuka na shanga zake, nikapiga dirishani kwa mwanga wa pembeni, picha nyingi tu. Usiku nikakaa kuediti. Nikafuta mikunjo, nikafuta madoa, na katikati ya paji la uso palikuwa na kitu kama kovu la mviringo, nikapita na brashi mara mbili kikapotea, safi. Nikasafisha kubwa, nikaweka fremu ya dhahabu.

Bibi aliishika kwa mikono miwili. Akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akaigeuza nyuma akaangalia kadibodi, akaigeuza tena. Akasema kitu kwa Kigogo kwa sauti ndogo, mwanae akacheka ile ya aibu. Nikauliza anasemaje. "Anauliza huyu ni nani, na ya kwake iko wapi."

Ile alama, wadogo zangu, wazee wengi wa Kigogo wanayo, waliwekwa wakiwa wadogo, si kovu la kuanguka wala ugonjwa. Mimi wa kuja, nimezaliwa Tanga, nikaona doa. Bibi hakugomba, alinirudishia picha kwa upole kabisa kama mtu anayerudisha sahani ambayo si yake. Nikaenda kurudia, faili la asili nilikuwa nalo namshukuru Mungu, safari hii sikugusa kitu zaidi ya mwanga. Picha ilirudi na mikunjo yake, jicho moja limefifia kidogo, na alama katikati. Bibi akaweka kidole pale kwenye alama, kwenye kioo, akakiacha hapo, akacheka.

Tangu siku hiyo kanuni yangu ya kuediti ni fupi: chunusi iliyotoka juzi naitoa, kitu ambacho mtu amekaa nacho mwaka mzima sigusi mpaka aseme mwenyewe. Kuna wateja wamenikimbia kwa hilo. Kuna binti alinambia picha zangu zinazeesha watu. Sawa, wapo wanaolainisha mji mzima, aende. Ila ndo ajabu yenyewe, kuanzia hapo watu wakaanza kusema "hii ni ya yule dada" kabla hawajaona jina chini. Stailo niliyoitafuta kwa preseti za kununua mtandaoni nilikuja kuipata nilipoacha kufanyafanya.

Kuhusu kupata mawazo, mnaangalia sana kazi za watu wa sasa hivi, wote mnaangalia zilezile ndo maana wote mnampigisha bwana harusi akiangalia saa. Rudini nyuma. Mtafuteni Seydou Keïta wa Mali, alifungua studio Bamako 1948, anapiga uani kwa mwanga wa jua, na kitambaa chake cha kwanza cha nyuma kilikuwa shuka la kitandani kwake. Filamu ghali, kwa hiyo mara nyingi mtu mmoja anapigwa mara moja tu, basi. Kitambaa akawa anabadilisha kila baada ya miaka miwili mitatu, baadaye akiulizwa picha fulani ni ya lini anaangalia kitambaa anajua. Niliposoma hilo nilienda soko la Majengo kesho yake nikanunua kitenge cha maua makubwa ya njano, nikakitundika kwenye fremu yangu ya biashara ya Nkuhungu. Sasa hivi nina cha nne. Mteja akiniletea picha ya zamani ya mtoto wake najua kabisa hii ni enzi za kitambaa cha kijani.

Na kama una nauli panda gari nenda Kondoa, Kolo, kaone michoro ya miambani, ile iliyoingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO 2006. Watu wamechorwa kwa rangi nyekundu, warefu wembamba, vichwa na mitindo ya nywele, bila macho bila pua na bado unaona kabisa huyu anacheza, huyu anamvuta mwenzie. Nilikaa pale nusu saa nikiwaza jinsi ninavyohangaika na ukali wa kope. Niliporudi nikapiga mfululizo wa wapiga ngoma wa muheme, ngoma ya Wagogo, jua likiwa nyuma yao, wale mama wanaoibana ngoma kwa mapaja, sura hazionekani, na ndo kazi yangu iliyozungumzwa kuliko zote.

Lakini hakuna mawazo yatakayokusaidia kama hujui kuongea na watu. Ukienda kijijini, iwe Chamwino iwe Bahi, kamera ibaki kwenye begi. Salimia kwanza, sema mbukwenyi hata kama lafudhi yako mbovu, wacheke, kaa kwenye kigoda ulichopewa, kunywa ulichopewa. Mzee mmoja nilikaa naye tangu saa tatu mpaka saa saba tukiongelea mtama na mvua zilizogoma, hajaniambia ndiyo wala hapana, ikafika wakati nikajua leo nimekula hasara. Akainuka mwenyewe, akaingia ndani ya tembe, akatoka na koti la suti la zamani lililokunjwa vizuri, akavaa, akasimama mlangoni. Saa saba! Jua lote lile utosini! Nikamrudisha hatua moja ndani ya mlango, giza la nyumba nyuma yake, mwanga wa uwanjani usoni. Nikapiga mara nne tu. Na ukitaka kutumia picha ya mtu kwenye matangazo yako muombe, ikiwezekana aandike, kuna sheria ya kulinda taarifa binafsi ya 2022, hata isingekuwepo si adabu.

Hela nitaipitia haraka maana inaniudhi. Chukua kianzio nusu, siku zote, hata kwa ndugu. Kuna ofisi moja niliwapiga wafanyakazi wote picha za vitambulisho na za ukutani kwa ahadi ya "leta invoisi", invoisi nimepeleka mara tano, ukienda anayesaini yupo safari. Kadi ya memori usinunue ya kupangwa chini, mimi nilipoteza sendofu nzima kwa kadi ya elfu kumi, nikarudisha hela yote na yule mama bado tukikutana sokoni anaangalia nyanya. Jua pia misimu ya mji huu: mwezi wa nne mpaka wa sita Bunge la bajeti wageni wamejaa wanataka picha za haraka za kuvaa suti, baada ya mavuno harusi, mwezi wa kumi na moja na wa kumi na mbili mahafali ya vyuo, pale UDOM peke yake unaweza kupiga siku tatu hujakaa. Januari na Februari hakuna kitu, ndo muda wa kazi zako mwenyewe, za wapiga ngoma na wazee, wala usiumie.

Kuhusu kamera basi, maana najua ndo mlichongojea: yoyote inayokuruhusu kupanga mwanga mwenyewe, hata iliyokwishatumika na mtu mwingine, pamoja na lenzi ya milimita 50 ile ya bei ndogo iliyoandikwa 1.8. Kwenye kamera zenye sensa ndogo hiyo hamsini inakuwa kama sabini na tano au themanini, ni saizi nzuri kabisa ya uso, pua haivimbi. Lenzi pana uliyokuja nayo kwenye boksi ukimsogelea mtu nayo pua inatangulia.

Jumamosi hii naenda tena Mvumi, yule bibi anataka kupigwa na dada zake wawili, na amesema kabisa niache fremu ya dhahabu. Nahitaji mtu mmoja wa kunishikia shuka. Anayetaka aje fremuni Nkuhungu saa kumi na moja alfajiri, namaanisha alfajiri, aje na maji yake na mfuko wa nailoni wa kufunika begi, na viatu visiwe vyeupe.