Ruta ya pili nyumbani: zima DHCP kabla ya kuunganisha waya

Ruta ya faiba ikifungwa sebuleni, kompyuta za vyumba vya nyuma hupata Wi-Fi ya kubabaisha. Ongeza ruta ya pili kwa waya. Usikimbilie kile kirudiaji cha bei nafuu kinachochomekwa ukutani: kinapokea na kurusha kwa redio moja, hivyo spidi hushuka hadi karibu nusu. Ruta kuukuu iliyolala kabatini inatosha.

Shida huanza pale ruta mbili zinapogawa anwani za IP (namba zinazotambulisha kila kifaa kwenye mtandao) kwa wakati mmoja; huduma inayogawa anwani hizo ndiyo DHCP. Kompyuta iliyopewa anwani na ruta ya pili huelekezwa itokee huko, na huko hakuna njia. Itaonyesha kwamba imeunganishwa lakini haina intaneti, ilhali ya pembeni yake inafungua kila kitu. Wengi hapo humpigia simu mtoa huduma, na laini yenyewe ni nzima kabisa.

Tuseme ruta kuu ni 192.168.1.1 na inagawa anwani kuanzia .100 hadi .200. Chukua ruta ya pili ikiwa peke yake, iunganishe na kompyuta moja kwa waya, ingia kwenye mipangilio, uibadilishe anwani iwe 192.168.1.2. Ingia tena kwa anwani hiyo mpya, ndipo uzime DHCP. Fuata mpangilio huo huo: ukitangulia kuzima DHCP, kompyuta yako inaweza kukosa anwani na ukafungiwa nje. Baada ya hapo vuta waya kutoka tundu la LAN (la vifaa vya ndani) la ruta kuu hadi tundu la LAN la ruta ya pili. Tundu la WAN (la kupokea intaneti kutoka nje) la ruta ya pili liache wazi. Ukilitumia bila kubadili hali ya ruta iwe kituo cha Wi-Fi tu (access point), utapata mitandao miwili, na printa iliyo upande mmoja haitaonekana upande wa pili.

Jina la Wi-Fi na nywila viwe sawa kwenye ruta zote mbili, ila chaneli (mikondo ya mawimbi) zitofautiane. Kwa masafa ya 2.4 GHz chagua kati ya 1, 6 na 11 tu, nyingine zinaingiliana. Kompyuta za mezani zipe waya, na matundu yakiisha ongeza swichi ya mtandao (kifaa cha kuongeza matundu).

Nunua waya wa mtandao wa daraja la Cat5e wa shaba tupu, usiozidi mita 100. Ule wa alumini iliyopakwa shaba hukatika ndani ukikunjwa. Kati ya nyaya nane zilizo ndani yake ukikatika mmoja, muunganisho mara nyingi hushuka kutoka Mbps 1000 hadi 100, au hufa kabisa.

Kama bado kuna kukwama, angalia anayepandisha faili. Picha zikipanda kwenye hifadhi ya mtandaoni hujaza njia ya kupandisha, na hata kurasa za wengine huchelewa kufunguka. Ruta yenye QoS (mpangilio wa kugawa spidi) iwekee kikomo cha kupandisha kwenye asilimia 90 hivi ya spidi uliyoipima.